Nilivyomsomea Wifi Yangu

Wifi yangu hakusoma Kihispania. Alikifua, alikipika na kukipiga pasi miaka tisa katika nyumba ya watu, akarudi nacho mdomoni kama aliyezaliwa nacho. Mimi ndiye niliyekisoma. Nilikaa darasani kila jioni kwa miaka miwili baada ya kazi, nikanunua kamusi nzito kuliko tofali, na mpaka leo nikitamka sentensi moja ya Kihispania hata paka wangu anajua nimeikariri. Nasema haya mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mwema. Habari hizi ni za wifi yangu, lakini anayeziandika anamwonea kijicho, na sioni sababu ya kuficha.

Kazi yangu ni kutafsiri tamthilia. Zinakuja kutoka nje watu wakisema Kihispania, mimi naandika maneno yao kwa Kiswahili, waigizaji wetu wanayasoma mbele ya maikrofoni, kisha watu wanakaa majumbani kwao na kulia. Studio yetu ni vyumba vitatu vya ghorofani, juu ya duka la vioo. Kuta za chumba cha kurekodia zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, na fundi vioo wa chini akianza kukata, sote tunanyamaza mpaka amalize.

Neno lenyewe si tatizo, utalipata kwenye kamusi. Shida ni vitenzi vya Kihispania vinavyokwenda na wenzao. Watu wale huchukua nywele za mtu, tomar el pelo, kumbe wanamfanyia mzaha. Huingiza mguu, meter la pata, kumbe mtu kaboronga. Hutupa nyumba dirishani, tirar la casa por la ventana, kumbe ni harusi tu na mwenye harusi hakujali gharama. Na msichana akimpa mwanamume maboga, dar calabazas, usitafute sufuria, maana kaka wa watu amekataliwa. Halafu ndani ya tamthilia hiyo hiyo unakuta mtu ameingiza mguu kweli, kwenye ndoo, na ukiandika kwamba kaboronga umeharibu.

Kwa hiyo nilijitengenezea kadi. Upande mmoja niliandika maneno kama yalivyo, upande wa pili maana iliyojificha, na chini yake tamthilia nilikoikuta. Kwa miaka kumi na minne nilifikisha kadi mia sita na kumi na mbili, katika makasha mawili ya viatu. Pale kazini waliniita Kamusi, nami nilijisikia. Mwigizaji akikwama, fundi sauti alifungua mlango na kuita, "Kamusi, hebu njoo," na mimi nilikwenda taratibu, maana mtu anayehitajiwa hakimbii.

Sasa wifi. Ni mke wa mdogo wangu, ambaye ndiye mtoto wa kiume pekee wa mama yetu. Walipokuwa na miaka miwili ya ndoa wifi alipata kazi nje, ya kumtunza bibi mmoja aliyepooza miguu, akaondoka kwa mkataba wa mwaka mmoja uliozaa miaka tisa. Watu walisema mdogo wangu keshaachwa, hajaambiwa tu. Mimi pia nilisema, tena kwa sauti. Alirudi yule bibi alipofariki, akiwa na begi moja na kicheko ambacho hakuondoka nacho, akaingia nyumbani kwa Mama, akavua viatu, akauliza jiko liko wapi siku hizi. Macho ya Mama yalikuwa yameanza kwenda. Kabla ya mwezi kwisha Mama alikuwa akimtambua wifi kwa nyayo, na mimi akiniuliza, "Nani huyo?"

Aliyemleta studio ni mimi mwenyewe. Mdogo wangu aliniomba, nami nikamwombea kwa meneja kazi ya usafi na chai. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini wangu nilimtafutia na nguo ya kuvaa.

Ilikuwa wiki ya tatu. Alikuwa anapiga deki kwenye ujia huku tukirekodi, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Kwenye picha, mke wa tajiri alisema jambo, mwigizaji wetu akalisoma nilivyoliandika, na wifi akacheka peke yake huko nje na deki yake. Fundi sauti akamwuliza kinachomchekesha. Alijibu kwa adabu kwamba hakuna kosa, maana ni ile ile, ila yule mama hakukasirika kama tulivyomfanya. Anamchokoza mumewe. Kule watu wakisema hivyo huinua bega moja. Tukarudisha picha nyuma, na kweli, bega lilikuwa juu. Miaka kumi na minne nilikuwa nikitazama midomo tu.

Kuanzia hapo fundi akawa anamwita yeye. Akampa na jina, Senyora. Nikipita mlangoni nilisikia, "Senyora, hebu njoo," naye alikwenda mbio, mikono ina povu, jambo lililoniudhi kuliko yote.

Namna yake ya kufanya kazi haikuwa na kadi. Ukimwambia sentensi, hakujibu maana yake. Aliuliza nani anamwambia nani, kasimama au kakaa, wamekula au bado. Kisha aliiigiza kwa mikono na mabega yake, akaisema tena kwa Kihispania, na mara Kiswahili kikamtoka. Siku moja nilimwambia kwamba lugha ile haina adabu, vitenzi vyake havitulii mahali pamoja. Akacheka. Akasema, "Wifi, na sisi je? Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti, na hakuna anayeumia. Mama kala chumvi miaka themanini, umeona daktari akimkataza?" Wote wakacheka. Mimi nilitabasamu kwa meno. Niliwahi kuwaza jambo hilo hilo, lakini nililiandika kwenye kadi, na hakuna anayecheka kwa kadi.

Meneja akaanza kumpa sehemu za kutafsiri. Wifi aliwasha picha, akasikiliza, akasimamisha, akatamka Kiswahili chake kwenye simu, na karani akakipiga chapa. Ikawa sehemu moja yangu, moja yake. Majina yetu hayakuandikwa popote, kwa hiyo watazamaji hawakujua.

Kila Ijumaa saa kumi nilikuwa na desturi ya kwenda kwa Mama kusikiliza marudio pamoja naye. Ndiyo saa yangu niliyoipenda kuliko zote, maana Mama hakuwahi kuelewa kazi yangu ila kwa masikio. Alikuwa akinishika goti na kuniuliza, "Hayo umesema wewe?" nami nikimwambia ndiyo. Ijumaa moja alisikiliza mpaka mwisho bila kunishika goti. Kisha akasema, "Leo wanaongea kama watu. Jana walikuwa wanaongea kama barua ya serikali."

Ya jana ndiyo ilikuwa yangu. Nikamuuliza kama ya leo ni nzuri, akasema nzuri sana mwanangu, umekua. Nilimshukuru. Niliipokea sifa ya wifi yangu mdomoni mwa mama yangu, nikaimeza, na ilinikaa kifuani kama mfupa. Wifi alikuwa jikoni, ameyasikia yote. Alitoka na chai akaiweka mbele yangu, akarudi jikoni.

Mwaka huo meneja alituita ofisini. Alisema kumekuja tamthilia mpya ya sehemu mia moja na ishirini, na wenye mali wanataka mtafsiri mmoja tu, maneno yafanane mwanzo hadi mwisho. Hawezi kutubakiza wote wawili kwenye kutafsiri. Angetupa sehemu ya kwanza sote, tufanye kila mtu kivyake, asome, achague. Tatizo, alisema, picha bado hazijafika. Kilichokuja ni karatasi. Kurasa thelathini na nane, tuzirudishe Jumatatu.

Nilimtazama wifi usoni na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Aliogopa. Alikuwa na Kihispania cha masikioni. Kwenye karatasi alisoma herufi mojamoja, kidole chini ya mstari, na alipofika mwisho wa sentensi mwanzo ulikuwa umeshamtoroka. Nilifurahi. Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma kidogo, lakini nilifurahi mpaka njaa ikaniisha.

Jumamosi asubuhi alibisha kwangu. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, karatasi zikiwa kwenye mfuko wa nguo, na hakuanza na salamu ndefu.

"Wifi, kwenye karatasi siwasikii hawa watu. Nisomee tu, mimi nitafanya mwenyewe."

Nilimwambia huo ni mtihani, na mimi ni mshindani wake. Akasema anajua. Aliangalia makasha yangu ya viatu juu ya kabati, kisha akasema:

"Nikikosa kazi hii, narudi kule, maana deki na chai havitulishi. Binti wa yule bibi ameniita, naye sasa anahitaji mtu. Nimemwambia asubiri hadi wiki ijayo. Mdogo wako hajui, na Mama hajui. Nimekwambia wewe kwa sababu wewe ndiye mkubwa wetu."

Basi nikajua. Hakuna atakayesema sikujua. Mezani palikuwa na maisha ya mdogo wangu, aliyelala peke yake miaka tisa, na palikuwa na Mama, aliyejifunza kuishi kwa kusikia nyayo za mtu mmoja. Upande wa pili palikuwa na mimi na jina langu la Kamusi. Nikaenda kuchemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyeyataka, nikarudi, nikavaa miwani, nikasema sawa, nitakusomea.

Maandishi ya tamthilia yako hivi: maneno ya wahusika yamepangwa mistarini, na pembeni, ndani ya mabano, yapo maelezo madogo. Kwa hasira. Anacheka. Akimpa mgongo. Ananawa. Mtu anayesoma kwa macho anayaona tu. Mtu anayesomewa hutegemea kuambiwa.

Nilisoma maneno yote, sikuruka hata moja. Niliyaruka mabano. Na maneno yenyewe niliyasoma kwa sauti moja, kama karani anayeita majina ya wagonjwa. Wifi alifumba macho, akayafumbua kutazama karatasi mezani kati yetu, mabega yake yakatafuta pa kuinukia, hayakupata. Aliniuliza, "Anasema akiwa wapi?" Nikamwambia haijaandikwa. Akauliza, "Kakasirika?" Nikamwambia haijaandikwa. Iliandikwa. Ilikuwa chini ya kidole changu.

Kulikuwa na mahali pa mama na binti yake. Binti anataka kuolewa na mtu asiyefaa, wako mezani, chakula kimepakuliwa, na mama anasema, "Yo me lavo las manos," yaani nanawa mikono. Mabano yanasema anasukuma sahani na kusimama. Maana yake ni kwamba amejitoa, likimfika binti huko asimwite. Nililisoma kama mtu anayekwenda kwenye bomba. Wifi, aliyesikia maneno hayo mara elfu kabla ya kula katika nyumba ile, alitamka kwenye simu yake, "Subiri ninawe." Kulikuwa na pengine pa fundi cherehani anayesimulia alivyompima mteja, akasema mteja "me dio la espalda," yaani alinipa mgongo, na mabano yanasema anaonyesha futi ya kupimia. Mteja aligeuka tu apimwe mgongo. Wifi aliirudia taratibu, kisha akaitamka kama mke aliyeachwa: "Alinipa kisogo."

Nilikaa na kalamu mkononi. Nilisikia kosa hilo likipita mbele yangu na ningeweza kulishika. Nilikunywa chai.

Tulimaliza adhuhuri. Sauti ilikuwa imenikauka. Alikusanya karatasi zake, akanishukuru, akainama kuninyanyulia kikombe akakiosha kabla ya kuondoka, ingawa mimi ndiye mwenyeji.

Jumatano meneja aliamua. Alisema hakutarajia Senyora akosee mambo ya wazi kiasi kile, mtu anakwenda kunawa katikati ya ugomvi, fundi cherehani anamlilia mteja. Yangu ilikuwa kavu kidogo, alisema, lakini haina kosa. Fundi sauti alirudi chumbani kwake akajifungia na mashine zake, na siku hiyo sikuitwa.

Wifi alirudi kwenye deki na chai kwa siku tisa, kisha akawaambia nyumbani kwamba anarudi kule. Mdogo wangu alinipigia simu, na sikuweza kuelewa anachosema kwa dakika nzima. Aliniuliza kama ningeweza kuzungumza na meneja. Nikasema nitajaribu. Sikujaribu. Nilijiambia kwamba kazi ni kazi, kwamba chema chajiuza, kwamba hata picha zingekuja mapema huenda angekosea vilevile. Mtu mwenye wivu hakosi mawakili, na wote huishi kichwani mwake bila kulipa kodi.

Siku ya kuondoka kwake nilifika asubuhi. Gari lilikuwa nje, mdogo wangu anafunga begi kwa kamba kwa sababu zipu ilikuwa imeharibika, na Mama amekaa sebuleni na kitenge chake begani, mikono mapajani, uso umeelekezwa mlangoni. Wifi alimpigia magoti, wakasemezana mambo yao kwa sauti ya chini, nami nikatazama ukuta. Kisha aliinuka akaja kwangu. Nilifungua mikono, kama inavyopaswa. Alinikumbatia kweli, si kwa kunigusa tu, na mdomo wake ukiwa karibu na sikio langu akasema kwa Kiswahili safi, hakuna nywele za kuchukua wala maboga ya kutoa:

"Mabano niliyaona, wifi. Sisomi haraka, lakini mabano nayajua. Karatasi ilikuwa mbele yangu, na kila ulipofika kwenye mabano macho yako yaliruka. Mwanzo nikasema umechoka. Halafu nikasema, hapana, dada wa mume wangu anataka niondoke. Nitakaaje?"

Alinipangusa bega kama aliyeona uzi, akatoka, akaingia garini mbele, mdogo wangu akawasha gari bila kunitazama.

Hakuwaambia. Nimesubiri miezi sita sasa niulizwe, na sijaulizwa, na nikimtazama mdogo wangu najua hajui. Mimi nisingenyamaza. Ningefanyiwa hivyo, mtaa mzima ungekesha.

Niliporudi sebuleni Mama alikuwa bado ameelekea mlangoni. Nyayo zangu alizisikia, akauliza, "Nani huyo?" Nikamwambia ni mimi. Akaniuliza wifi yangu alikuwa akininong'oneza nini muda wote ule.

Nikasema alikuwa ananishukuru kwa kumsomea.

Mama akatikisa kichwa polepole, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta, akasema, "Ndivyo alivyo. Sijapata kuona mtoto mwenye moyo kama ule." Nilisimama pale katikati ya sebule, nikiwa nimebaki peke yangu na mama yangu kama nilivyotaka, na kwa Mungu anayeniona, nilimwonea wivu.